Friji ya Daktari

Hakuwa daktari. Alikuwa mfamasia, na kwa miaka kumi na mmoja niliyomfanyia kazi dukani kwake Nakuru alimsahihisha kila mteja aliyemwita Daktari, na hakuna hata mmoja aliyemsikia. "Mimi si daktari, mama. Daktari iko hospitali," alikuwa akisema, na yule mama anajibu, "Sawa, Daktari," kisha anaanza kufungua vifungo vya blauzi amwonyeshe upele. Mimi pia nilimwita Daktari. Nitamwita hivyo hapa, maana ndilo jina ninalomkumbuka nalo.

Habari za ukoo wake sizijui vizuri na sikuwahi kuziuliza. Nilijua chakula chake, chapati na dengu ambazo mkewe alizituma saa saba kamili katika mkebe wa vyumba vitatu. Nilijua viatu vyake vya kahawia, vilivyokuwa vimepigwa kiraka pale kidole gumba kinapokaa. Zaidi ya yote nilijua namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema hapana. Kusema hapana ndiko kulikokuwa kazi yake kubwa. Kuuza dawa kulikuja baadaye.

Watu hawaamini hilo mpaka wakae nyuma ya kaunta. Asubuhi anakuja mtu anataka zile kapsuli za rangi mbili, nne tu, kwa sababu koo linamuwasha. Hapana, nne hazitibu kitu. Anakuja msichana anataka vidonge vya kuongeza makalio. Hapana. Anakuja baba wa watu, amevaa suti, anataka dawa ya usingizi bila karatasi ya hospitali, na akikataliwa anauliza kama tunajua yeye ni nani. Daktari anamjibu kwamba hajui, na hapana. Hakuna hapana iliyotoka bila maelezo. Alichukua kalamu na kipande cha karatasi, akamchorea mtu tumbo lake, ini lake, figo zake, huku foleni ikirefuka hadi nje. Michoro ile ilikuwa mibaya sana. Niliwahi kuokota mmoja sakafuni nikadhani ni ramani ya njia ya kwenda Subukia.

Na mtaani kulikuwa na duka jingine la dawa, hatua ishirini kutoka letu, ambalo lingekuuzia chochote. Nilimwambia siku moja, "Daktari, wakitoka hapa wanaingia pale."

"Najua."

"Sasa unajichosha ya nini?"

"Watakua wamesikia mara moja," akasema. "Mtu akisikia mara moja si sawa na yule hajasikia."

Sikukubaliana naye. Niliona ni ubishi wa mzee, na niliona pia ni mimi niliyekuwa nikitazamana na ile foleni.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Alikuwa na hasira za karibu, na wale mawakala wa kampuni za dawa waliokuja na mabegi yao na kalamu za bure aliwafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika. Aliwakemea wagonjwa wa sukari kuhusu soda, kisha akaingia nyuma na kutia vijiko vitatu vya sukari katika chai yake. Dawa iliyopita tarehe hakuiuza kamwe, lakini hakuweza kuitupa, basi akiwa na kikohozi aliinywa yeye. "Ya kuuza, hapana. Ya mimi, sawa tu," alisema. Nilimwona akinywa dawa ya kikohozi ya miaka miwili nyuma, akapangusa mdomo kwa leso, akarudi kaunta kumkatalia mtu.

Lakini huyohuyo wa hapana alikuwa na kitu kimoja ambacho hakumnyima yeyote, nacho ni friji.

Nieleze. Mtu wa sukari anayejidunga insulini anahitaji mahali pa baridi pa kuiweka, na wengi wa wateja wetu hawakuwa na friji wala stima ya kuiwasha. Mama yangu kule Kabazi alikuwa akiiweka chupa yake ndani ya kopo, kopo ndani ya mtungi wa maji, mtungi chini ya kitanda. Mara ya kwanza nilipomleta mjini, Daktari aliitazama ile chupa, akaona imeingia ukungu, akaitupa palepale na kumpa nyingine. Kisha akaniuliza mimi kama najua kusoma na kama nina kazi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Ndani ya friji yake kulikuwa na safu za mikebe ya siagi, kila mmoja umebandikwa plasta nyeupe yenye jina: Mama Kabazi, Mzee wa Mkaa, Fundi wa Kaptembwo. Mama alichukua chupa moja ya wiki, nyingine zikabaki kwetu. Watu wa mtaa wa Kaptembwo walipitia asubuhi wakienda vibaruani, wakaingia nyuma ya pazia, wakajidunga, wakaendelea na safari. Hakuna aliyetozwa chochote. Ila kabla chupa haijaingia mle, ilipita mikononi mwa Daktari. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza, akasoma tarehe, na kama kuna jambo halikumpendeza aliuliza, "Hii imeandikwa wapi ni nini?" Kila mtu aliona akifanya hivyo. Ndiyo maana mjini kwetu ilikuwa ukisema kitu kiko kwa friji ya Daktari, mazungumzo yameisha. Maana yake ni kizuri.

Sasa nifike kwa Simon, ingawa sina hamu.

Simon ni ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Mwaka 2007 alikuwa na miaka ishirini na saba na alikuwa mkimbiaji wa mbio za barabarani, si wa kutajwa redioni, lakini alikuwa anakaribia. Kulikuwa na mtu aliyemwahidi kumpeleka kukimbia nje mwaka unaofuata, mradi apone mshipa wa kisigino kabla ya Krismasi. Mshipa huo ulikuwa umemsumbua tangu mwanzo wa mwaka. Kwa umri wake hakungekuwa na mwaka mwingine wa kungoja, na sote tulilijua hilo, hata mama.

Akaja chumbani kwangu na chupa ndogo za kioo, tano, zimefungwa kwa gazeti. Ndani ya kila moja kulikuwa na unga mweupe kidogo chini, na juu kifuniko cha mpira. Alikuwa amezipata kwa jamaa mmoja wa jimu.

"Sista, hii si steroid," akaniambia. "Inaitwa peptide. Yaani si homoni yenyewe, inaamsha tu homoni yako ya kukua. Mwili unajitengenezea. Ukilala, unajirekebisha."

"Nani amesema?"

"Watu wanatumia, wanapona. Lakini inataka baridi. Ikishachanganywa na maji inaharibika ikikosa friji."

Sikuwa na friji. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta na dirisha moja. Lakini nilikuwa na ufunguo wa pazia la nyuma la duka la Daktari, kwa namna ya kusema, na Simon alijua hivyo kabla hajagonga mlango wangu.

Nilimpelekea Daktari zile chupa Ijumaa jioni, wakati wa kufunga. Alikuwa ameketi juu ya kreti nyuma ya duka, kiatu kimoja amevua. Aliichukua chupa, akaigeuza kwenye mwanga.

"Imeandikwa wapi ni nini?"

"Haijaandikwa."

Akavuta pumzi. Kisha akatoa kalamu na kunichorea kichwa cha mtu. Chini ya ubongo, akasema, kuna tezi ndogo kama punje ya maharagwe, na ndiyo inayotoa homoni ya kukua. Dawa ya aina hii, kama ni yenyewe, inaibishia tezi hodi itoe zaidi. Alikuwa amesoma kwamba hospitali za nje wanaitumia kumpima mtoto asiyekua, waone kama tezi yake inaitika, na kwamba wengine wanaijaribu kwa mambo mengine. Mambo hayo hayajaisha kujaribiwa. Kwa kijana mzima anayetaka kupona kisigino, hakuna aliyeonyesha kwamba inasaidia. Lakini njaa italeta, maji yatajaa mwilini, mikono itakufa ganzi, na sukari inaweza kupanda.

"Na mama yenu iko na sukari," akasema. "Hiyo inatembea na damu. Tena hawa wakimbiaji wamekatazwa. Wakimpima, ameisha. Na hii yote ni kama ndani ni ile wanasema ni. Kama ni unga ya chapati, mimi nitajua aje?"

"Sikuombi uuze, Daktari. Naomba nafasi tu kwa friji."

Aliigeuza tena ile chupa mkononi. Niliingoja hapana yake. Nilikuwa hata nimejiandaa namna ya kumwambia Simon.

"Weka huko chini," akasema mwishowe. "Usichanganye na ya wagonjwa."

Akavaa kiatu chake, akaenda nyumbani. Nami nikaandika Simon juu ya plasta, nikaibandika kwenye mkebe wa siagi, kwa sababu ndiyo mikebe tuliyokuwa nayo. Nilipofika nyumbani, Simon aliuliza Daktari amesema nini. Ningeweza kumweleza yote: tezi, ganzi, sukari ya mama. Nilisema maneno mawili tu.

"Daktari amekubali."

Tangu siku hiyo Simon alipitia kila asubuhi, akasimama kwenye foleni ya pazia pamoja na Fundi wa Kaptembwo na wengine, akajidunga tumboni kama wao. Mara nyingi Daktari alikuwa mbele akigombana na mtu. Wakionana walisalimiana. Daktari aliuliza, "Mguu?" na Simon akajibu, "Mguu iko poa, Daktari," na ni kweli ulikuwa poa. Alikimbia bila kuchechemea. Alilala vizuri. Alikula ugali wa watu watatu, na mama alipomwona Kabazi alifurahi, akasema uso umerudi. Uso ulikuwa umejaa maji. Nilikuwa nimeambiwa utajaa, na nikauona umejaa, na nikafurahi pamoja na mama.

Kisha mikono ikaanza kumlala. Asubuhi alishindwa kufunga kamba za viatu. Alinificha jambo hilo kwa wiki kadhaa, na mimi nikajifanya sijaona anavyoshika kikombe.

Jambo lenyewe lilifumuka kwa upande ambao sikuutazamia. Vijana wawili wa jimu waliingia dukani mchana kweupe, vifua mbele.

"Niaje, boss. Tunataka ile mnawekea Simon."

"Gani?"

"Ile peptide. Jamaa wa jimu alituambia iko safi, hata Daktari amekubali, anaiweka kwa friji yake."

Nilikuwa nikihesabu bandeji. Niliendelea kuzihesabu. Daktari alienda nyuma, nikasikia mlango wa friji, akarudi na mkebe mkononi na kusoma jina la ndugu yangu kwenye plasta kama analiona kwa mara ya kwanza.

"Nani alisema nimekubali?" akaniuliza, mbele yao.

Alinitazama kiasi cha kutosha, kisha akawageukia wale vijana na kuwachorea kichwa cha mtu.

Alinituma nimwite Simon aje apimwe siku hiyohiyo. Simon akasema atakuja Jumatatu, kwanza amalize mazoezi. Jumapili alianguka kwenye barabara ya Subukia, akiwa na kiu iliyomfanya anywe maji ya mtaroni. Wenzake wa mazoezi walimleta dukani badala ya hospitali, kwa sababu ndiko walikokujua. Daktari akamtoboa kidole, na ile mashine ndogo haikutoa hata namba. Iliandika kwamba sukari imepita kipimo chake. Daktari mwenyewe ndiye aliyeendesha gari kwenda hospitali, na njiani alipita kila tuta bila kupunguza mwendo.

Simon alilazwa siku tisa, akatoka akiwa mtu wa sukari kama mama. Madaktari, wale wa kweli, walisema huenda sukari ilikuwa inakuja yenyewe kwa sababu ya mama. Huenda ile dawa iliiharakisha. Huenda ndani ya chupa hakukuwa na dawa hiyo hata kidogo, bali kitu kingine. Daktari aliuliza huku na huku kama kuna mahali pa kuipima chupa iliyobaki na hakupata. Niliwaambia madaktari wanipe jibu moja, nikalia, nikawatukana kidogo pia. Mpaka leo hakuna mtu ajuaye ndugu yangu alijidunga nini. Yule mtu wa kumpeleka nje alimchukua mkimbiaji mwingine.

Baada ya hapo Daktari alianza tabia ambayo ilinitesa kuliko kama angenifukuza kazi. Aliisimulia habari ile kwa wateja. Mtu akija kuuliza dawa ya mwili, ya misuli, ya kurudisha ujana, maana wazee pia walikuja, hasa wazee, Daktari aliweka kalamu chini na kusema, "Mimi niliweka hiyo kitu kwa friji yangu. Sikuuza, lakini niliweka. Kijana ya watu akaona friji, akaamini friji. Hiyo ni makosa yangu." Wengine walimsikiliza. Wengine walicheka, wakaenda zile hatua ishirini. Mimi nikiwa palepale, nikifunga pakiti, naye hakunitaja hata mara moja.

Kisha ukaja uchaguzi wa mwisho wa mwaka na machafuko yaliyofuata, ambayo kila mtu wa Nakuru anayo ya kwake na sina nguvu ya kuyaeleza yote. Duka lilifungwa. Daktari aliihamisha mikebe yote hadi friji ya nyumbani kwake, akakaa na simu akitafuta wenye mikebe mmoja mmoja. Chupa za mama zilimfikia kupitia kwa mtu wa gari la maziwa. Fundi wa Kaptembwo hakuweza kuvuka mji kwa siku nyingi, na alipoweza, alikuja amekonda mpaka sikumtambua mara moja. Mikebe mingine haikuja kuchukuliwa kamwe. Tulipofungua tena, Daktari aliirudisha yote, hata ile isiyokuwa na watu, na hakuruhusu niitoe. Hapana zake zikawa fupi. Aliacha kuchora. Katikati ya 2008 akaliuza duka, na mwenye duka mpya akaniambia ana dada yake wa kukaa kaunta.

Nilimwona Daktari kwa mara ya mwisho kabla ya mwaka kwisha. Nilikuwa nimeomba kazi kwenye zahanati moja ya misheni na walitaka barua ya aliyeniajiri. Nikaenda nyumbani kwake. Alikuwa barazani, amevaa sweta ingawa jua lilikuwa kali, na alikuwa amepungua. Mkewe aliniletea chai. Barua alikuwa ameshaiandika kwa mkono, mistari iliyoinama upande mmoja.

"Soma," akasema. "Kama kuna makosa useme."

Niliisoma. Ilisema nimefanya kazi miaka kumi na mmoja, najua dawa, sichelewi. Mwishoni ilisema mimi ni mwaminifu, na kwamba sijawahi kumficha jambo.

Niliiweka juu ya meza. "Daktari, hilo la mwisho litoe."

"Gani?"

"Mwaminifu. Ile Ijumaa ya chupa, nilikuwa nazo tangu Jumatatu. Nilikaa nazo wiki nzima kwa mkoba. Nilikuwa nangoja uchoke."

Sikuwa nimewahi kulisema, hata kwa mama. 

Hakushtuka. Alikunywa chai yake. "Najua," akasema. "Wiki hiyo ulipanga rafu moja mara tatu. Nilijua uko na kitu."

"Na bado ukakubali?"

"Siku hiyo nilikua nimesema hapana tangu saa mbili. Nilitaka mtu moja aende nyumbani akiwa amefurahi." Akachukua kalamu. "Wewe ulileta. Mimi niliweka. Simon alidunga. Sasa ukisema mwaminifu itoke, mimi nijiandike nini?"

Akatia sahihi. Nilikunja barua, nikamshukuru, nikamuaga mkewe. Nilikuwa nimefika langoni aliponiita.

"Simon anapima sukari?"

"Anapima, Daktari."

"Kila asubuhi?"

Simon alikuwa ameiacha mashine yake ya kupimia kwenye droo tangu Agosti. Alisema amechoka kutobolewa, na nikimsema anaondoka nyumbani, akirudi hatuongei. Daktari alikuwa amesimama pale barazani, ameshika nguzo, anangoja. Angesikia hivyo, angetaka kuvaa viatu na kuja Kabazi, tulikokuwa tumerudi kwa mama. Angetaka kumchorea.

"Kila asubuhi," nikasema.

Uso wake ulilegea. Alinipungia mkono, akaingia ndani kupumzika.